Damu ya Mdogo kwa Jina la Mkubwa

Mama Odette mpendwa,

Nakuandikia kuomba msaada kama wale ambao barua zao unazibandika kwenye ubao, na kama msaada haupo tena basi nisomee tu mpaka mwisho, maana tangu mume wangu afariki sijapata mtu wa kumwambia neno hili, mchungaji nilimwendea mara mbili nikaishia kumwomba aniombee mgongo, na jirani akiniuliza mbona nsima, ugali wa huku, naisukuma pembeni namwambia ni tumbo tu, litapoa.

Mimi ni mwanamke wa Uvira, niko kambi ya Dzaleka hapa Malawi tangu mwaka 2004, mume wangu Fabien alikuwa fundi cherehani, na tuna watoto watatu, Akilimali ana miaka kumi na tisa, Bienvenu kumi na saba, Douce kumi na mmoja. Nimeandika watatu kwa sababu ndivyo faili letu linavyosema na ndivyo moyo wangu unavyosema, lakini tumbo langu lilibeba wawili. Akilimali ni mtoto wa Adolphe, mdogo wake Fabien, baba mmoja mama mmoja, ambaye alifariki kwetu Uvira mwaka 2003. Adolphe alianza kwa kiu, akawa anakunywa maji kama mtu aliyelamba chumvi, kisha mifupa ikamuuma, kisha akawa anatapika na kuongea maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho, na alipokufa watu wakasema amepewa karuho, ile sumu ya polepole tunayoijua sisi watu wa Kivu, na wakasema aliyempa ni mke wake Gloriose kwa sababu ndiye aliyempikia. Gloriose alikimbilia kwao Burundi akiwa na nguo za mwilini tu, mtoto akabaki mikononi mwangu, na mimi Mama Odette sikumtetea, nilimchukua mtoto nikanyamaza.

Kwetu mtoto wa ndugu ya mume ni mtoto wako, hakuna anayekuuliza umemtoa wapi, kwa hiyo tulipofika hapa na karani akauliza kama hawa watoto ni wangu nilijibu ni wangu bila hata kufikiri kwamba nadanganya. Lakini mwaka 2016 faili likaamka, tukaitwa kwa habari ya safari ya Kanada, na yule mama wa maswali hakuuliza kama ni wangu, aliuliza nani alimzaa, na nikaona nikisema tofauti na yale ya mwanzo tutaonekana familia ya waongo, nikasema ni mimi. Wakati huo kambi nzima ilikuwa na habari za jirani yetu Apollinaire, ambaye faili lake lilisimama kabisa kwa sababu binti waliyemwandika kuwa wao alikuwa mtoto wa dada, watu wakasema walipanguswa mate mdomoni yakapelekwa kwenye mashine, mashine ikawaumbua. Mpaka leo Apollinaire yuko hapa, anachoma mahindi njia ya Dowa.

Sasa ugonjwa. Fabien alikuwa na mawe ya figo tangu 2011, alikuwa anayatoa kwa maumivu ya kulia mtu mzima, zahanati ikampa dawa za kutuliza na kumwambia anywe maji, na mwaka 2015 alivunjika mkono akiinua pasi ya makaa, pasi tu Mama Odette, ile aliyoiinua kila siku ya maisha yake. Ndipo wakatupeleka Lilongwe, na huko daktari mmoja mgeni akampima damu akakuta madini ya mifupa yamejaa kwenye damu mahali ambapo hayatakiwi. Mkalimani wetu alikuwa Manirakiza, Mrundi mmoja mpole, akatueleza hivi: “Daktari anasema mu shingo ya muntu muko tutezi tune tudogo sana, kama mbegu ya mchele. Kwa Fabien kamoja kameharibika. Kanatoa nguvu ya mifupa, kanaimwaga mu damu. Njo mana mifupa inavunjika, njo mana mawe.”

Walimpasua shingo wakakatoa, lakini jibu likaja kwamba kale katezi kalikuwa kamegeuka kansa. Daktari aliona pia kovu kwenye taya la Fabien, akauliza ni la nini, Fabien akamwambia alipokuwa kijana alivimba taya wakamkata kule Uvira, na daktari akauliza kama kuna ndugu mwingine aliyevimba taya au kuugua mawe. Fabien akasema, “Ndugu nilikuwa naye mumoja tu. Ule balimupa sumu.” Manirakiza akatafsiri na daktari akaandika hivyo hivyo.

Daktari akasema tezi na taya vikienda pamoja anashuku ugonjwa wa kurithi, damu ya Fabien ikapelekwa Afrika Kusini kwa mradi wao wa utafiti, miezi ikapita, jibu likarudi kwamba kuna kosa ndani ya damu yake alilozaliwa nalo, na kila mtoto aliyemzaa anaweza kuwa amelipata au amelikosa, nusu kwa nusu, na waliolipata wafuatiliwe tangu utotoni ili katezi kakianza kuvimba katolewe kabla hakajageuka. Akaomba watoto wote waletwe watolewe damu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilijiambia, mashine inayoweza kuona kitu kilichotoka kwa baba kikaingia kwa mtoto, hiyo hiyo itaona kwamba Akilimali hakutoka kwa Fabien, itawaambia watu wa safari, na sisi tutakaa pamoja na Apollinaire kwenye mahindi yake, na Fabien atakosa matibabu ya Kanada ambayo ndiyo yalikuwa tumaini letu lililobaki. Na nikajiambia tena, na hili ndilo linaloniua, kwamba hata akipimwa kuna faida gani, huyu Fabien hakumzaa, ugonjwa wa Fabien utampata kwa njia ipi? Nilijiona mwenye akili. Wiki ya kwanza nilimpeleka Bienvenu na Douce. Wiki ya pili, siku ya Akilimali, nilimtuma Akilimali Mponela kununua vitambaa vya baba yake, nikamchukua Bienvenu tena na karatasi ya rufaa yenye jina la mkubwa wake, nesi alikuwa mwingine, hakujua kitu. Akilimali mwenyewe nilimdanganya kwamba damu aliyotolewa zahanati alipougua malaria ndiyo iliyopimwa, akaamini.

Bienvenu aliniuliza njiani habari ya kaka yake, “Mama, mbona tena miye? Yaya Akili haiko na damu?”

Nikamwambia, “Nyamaza, ni kwa ajili ya safari. Ukisema, tutabakia huku wote.”

Akanyoosha mkono wake mara ya pili, akamshukuru nesi kwa zikomo ya huku, na tangu siku hiyo hajaniuliza neno.

Majibu yalitoka hivi, Douce analo, Bienvenu hana, na Akilimali hana. Ilikuwa mwaka 2017, mwezi wa sita, Fabien alikuwa kitandani, kansa ilikuwa imerudi na kushuka kwenye mapafu. Alimlilia Douce mpaka nikadhani atakata roho, halafu akauliza habari ya Akilimali, na nikamsomea ile karatasi, na akashika mkono wangu akasema, “Aksanti Mungu. Basi kwa Adolphe kumebakia muntu.” Alikufa siku kumi na moja baadaye, na hilo neno alilibeba kaburini, na mimi ndiye niliyempa.

Ningeweza kuishi na hayo, kwa kweli ningeishi, watu wanaishi na mabaya zaidi. Lakini tangu mwezi wa pili mwaka huu Akilimali amevimba taya upande wa kushoto. Anaendesha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hapa kambini mpaka barabara kubwa, mwanzoni alisema amegongwa na tawi, kisha akasema ni jino, alipokwenda zahanati wakamwuliza kama kuna ugonjwa nyumbani, naye akatoa ile karatasi, Mama Odette, anaitunza ndani ya nailoni mfukoni mwa shati kama mtu anavyotunza kitambulisho, akawaambia kwa furaha, “Baba alikufa na ugonjwa ya kurisi, lakini miye balinipima, siko nayo.” Wakaiamini karatasi. Wakamng’oa jino zima, wakampa vidonge, na uvimbe ukabaki pale pale, sasa umekuwa mkubwa kama yai la kuku. Tena nimeanza kuona anabeba chupa mbili za maji kwenye baiskeli, na akirudi anakunywa kopo kwa kopo, na nikisikia lile kopo linagonga ndoo nasikia Adolphe.

Wiki iliyopita aliniambia, “Mama, usiogope, ni jino tu. Mi ningekuwa nayo, karatasi ingesema.”

Nikisema ukweli, kijana atajua kwamba mimi sikumzaa, atajua mama yake alifukuzwa kwa jina la mtia sumu, faili litasimama, na Douce ambaye anahitaji Kanada kuliko sisi wote atabaki hapa kwa ajili ya kosa langu. Nisiposema, yeye atakufa kama baba zake wote wawili huku anaamini ni jino. Bienvenu hamwangalii tena mkubwa wake usoni, wanakula sahani moja lakini yule mdogo anaangalia chini. Nimefikiria kunywa kitu nife, nikaona hata hilo ni kuwakimbia. Usiku na mchana nasema, Mungu, kwa nini hukuuvimbisha mguu wangu siku ile nikashindwa kupanda gari? Niambie la kufanya. Kama ni kuchelewa niambie nimechelewa.

Mimi mama mwenye karatasi ya uongo,
Dzaleka, mwezi wa tano 2018

*

Mama mwenye karatasi,

Barua yako ilinifikia huku Chilinde Jumamosi, nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nilikasirika kuliko ya kwanza. Mara ya tatu nililia. Sasa nimenawa uso, na tuongee kama watu wazima.

Kwanza hilo la kunywa kitu ufe. Futa. Leo hii nenda kwa huyo mchungaji, au kwa jirani huyo unayemwambia ni tumbo, sema hivi tu: “Nimefikiria kujiua, msiniache peke yangu.” Huna haja ya kuwaeleza mengine. Hapa nakuamuru, sikushauri, kwa sababu wewe na mtoto wa miaka kumi na saba ndio watu pekee duniani mnaojua kwamba ile karatasi ni ya uongo, na ukifa umemwachia Bienvenu mzigo wote. Umeshamtwika wa kutosha.

Sasa kosa lako. Unadhani kosa lako ni uongo kwa watu wa safari. Hapana. Uongo ule ninauelewa, nimekaa kwenye kiti kile cha maswali mimi mwenyewe, na najua jinsi mtu anavyomzaa mtoto mara ya pili mbele ya karani. Kosa lako ni jingine. Miaka yote ulisema mtoto wa ndugu ya mume ni mtoto wangu, ukampikia, ukamfulia, ukamwadhibu kama wako, na siku moja tu, siku ya sindano, ndiyo ukakumbuka kwamba si wako. Ukasema ugonjwa wa Fabien utampata kwa njia ipi? Mama, kwa njia ya Adolphe! Umeandika kwa mkono wako mwenyewe: baba mmoja, mama mmoja. Kitu alichozaliwa nacho Fabien kilitoka kwa mzazi mmoja wa wale wawili, na Adolphe alitoka humo humo. Umeandika kiu, umeandika mifupa, umeandika kutapika na kuongea ovyo. Mimi nilikuwa nesi Bukavu miaka ishirini na mbili, na niliposoma mistari hiyo niliweka barua chini. Siwezi kuapa kwa mtu aliyezikwa bila kupimwa, lakini sitashangaa kabisa kama Adolphe hakupewa sumu na mtu yeyote.

Na hapo yupo Gloriose. Miaka kumi na mitano mwanamke huyo anatembea na jina la muuaji wa mume wake, na wewe unalitaja kwa sentensi moja halafu unapita. Nami sitakaa hapo sana kwa sababu kijana ndiye anayeungua sasa, ila ujue kwamba daktari alipouliza habari za ndugu, jibu mlilompa lilikuwa lile lile lililomfukuza Gloriose. Mngesema “alikuwa na kiu, akatapika, akafa,” daktari angetaka kujua kama aliacha mtoto. Maneno ya kijijini yaliingia kwenye faili la hospitali yakafunga mlango. Ukiweza kumpata mama yule, uliza Warundi waliotoka upande wa kwao, umwombe msamaha ungali hai.

Hofu yako ya mashine nimeiuliza kwa daktari mmoja hapa Lilongwe, bila kutaja jina lako. Alinieleza hivi, nami nakuandikia kwa maneno ya nyumbani. Kipimo kile hakilinganishi mtoto na baba. Kinakwenda moja kwa moja mahali lilipoonekana kosa la Fabien, kinaangalia kama mtoto analo au hana, basi. Hakiulizi nani alimzaa nani. Na majibu ni ya mgonjwa na daktari wake, hayapandi gari kwenda kwa watu wa safari. Kwa hiyo ulichokiogopa hakikuwepo. Najua kusikia hivyo ni vibaya kuliko kusikia kwamba ulikuwa na sababu. Samahani, lakini uliniomba ukweli.

Ulimwogopa mtu wa faili kuliko ugonjwa. Sisi wakimbizi wengi tuna kosa hilo, tumefundishwa kuogopa kila anayeshika kalamu. Lakini ugonjwa haushiki kalamu.

Sasa fanya hivi. Kesho Jumatatu asubuhi kijana asiende kwenye kabaza. Asiendeshe baiskeli juani hata siku moja zaidi mpaka apimwe, maana mtu wa namna hiyo akikauka maji anaweza kuzidiwa ghafla. Anywe maji, asizuiwe. Akianza kutapika, au kulegea, au kuongea maneno yasiyoeleweka, usisubiri miadi wala mchungaji, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na useme neno hili wazi: madini ya mifupa yamezidi kwenye damu. Akisema ana nguvu, usimsikilize. Kipimo cha madini hayo hakiendi Afrika Kusini, kinafanyika papa hapa Lilongwe, na majibu yake hayachukui miezi. Usikubali mtu mwingine yeyote amng’oe jino au kumpasua taya kabla yule daktari wa Fabien hajamwona, au aliyeshika nafasi yake.

Mtamwambia daktari kwamba damu iliyopelekwa kwa jina la Akilimali ilikuwa ya Bienvenu. Wewe utamwambia, kwa mdomo wako, na Manirakiza atafsiri bila kupunguza. Atakukasirikia. Mwache akasirike. Kisha atatoa damu upya kwa mtu mwenyewe. Zahanati nayo ipewe habari waifute ile karatasi kwenye daftari lao, kwa sababu karatasi hiyo bado inaponya mtu ambaye hajapona.

Faili. Unataka nikuambie halitasimama? Siwezi. Huenda likasimama. Lakini ofisi ile ina mahali pa kuandika mtoto wa ndugu mliyemlea, pamekuwepo siku zote, na mngekwenda wenyewe mwanzoni mngeandikwa mkamaliza. Nenda sasa, kabla hawajakuita, ukiwa na barua ya daktari mkononi. Familia inayokuja kusahihisha yenyewe haihesabiwi sawa na ile iliyokamatwa, hata Apollinaire atakuambia hivyo, maana yeye alikamatwa. Na habari ya Douce usiitumie tena kama ngao. Douce anajulikana, ana miadi, anapimwa, akianza kuugua wataona mapema. Mtoto aliye kwenye hatari ndani ya nyumba yako ni yule aliyepewa karatasi nzuri.

Bienvenu usimwache nyuma. Mkalishe, mwambie: “Mimi ndimi niliyekutuma, wewe hukumdanganya mkubwa wako.” Mwambie mbele ya Akilimali. Mtoto huyo anakula akiangalia chini kwa sababu yako.

Uliuliza kama umechelewa. Sijui, Mama. Uvimbe wa taya wenyewe mara nyingi si kansa, na tezi ikikutwa mapema watu wanapona na kuzeeka. Lakini tangu mwezi wa pili mpaka wa tano ni muda, na kiu hiyo siipendi. Sitakupa tumaini nisilokuwa nalo. Nakupa kazi, na kazi yenyewe inaanza leo, kabla ya hospitali, nyumbani kwako.

Mwambie kijana. Usimtume Bienvenu, usimtume mchungaji, usisubiri majibu. Usianze na tumbo lililomzaa, atakapokuuliza utajibu. Anza na karatasi. Mwambie, “Ile karatasi mfukoni mwako si yako.” Halafu nyamaza umwache aseme lolote. Akikuita muongo, kubali. Akitoka nje, usimfuate na kilio, mfuate na kitambaa na sweta, kwa sababu asubuhi mnasafiri. Unaogopa hatakuita mama tena. Inawezekana. Lakini nakuuliza kama mwanamke kwa mwanamke, unataka akuite mama kwa muda gani, na kwa mdomo upi, kama taya lile litaendelea kukua?

Nisamehe ukali. Nimezika wagonjwa wengi waliokuwa na karatasi safi.

Odette
Chilinde, Lilongwe

*

Neno kwenu ninyi mnaosoma mbele ya ubao. Barua hii na jibu lake nilivipeleka kwa mkono Dzaleka wiki sita zilizopita, na nilimwambia mama huyu kwamba majina yote nitayabadilisha, lakini taya siwezi kulibadilisha, na kambi ni ndogo. Kwa hiyo nilikataa kubandika chochote mpaka kijana mwenyewe asome yote, ya mama yake na ya kwangu, halafu aje aniambie kwa mdomo wake nibandike au nichome.

Alikuja peke yake. Alikuwa amefunga kitambaa usoni, amekonda. Hakuniambia majibu ya hospitali na mimi sikumwuliza. Alisema, “Bandika, Mama. Iko bengine benye kubeba karatasi ya muntu mwingine.” Kisha akaomba maji ya kunywa, nikampa, akanywa, akaomba tena.

Mnaisoma leo, yeye ameisoma kabla yenu. Mkimfahamu, msimwulize kitu. Msalimieni.